Sura ya Saba: Rimoti Iliyosahauliwa

Sajini Verna Maunula aliiweka rimoti mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika mbele ya mwanamke aliyekaa upande wa pili.

"Hii ni yako?"

"Ni ya gari la mjomba," Janelle Roivas alisema. "Mimi nimekaa nayo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mkewe azikwe. Nilikuwa naenda kila Jumapili kumpeleka dukani. Halafu nikaacha."

"Mligombana?"

"Hapana. Bora tungegombana." Janelle alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Jumapili moja nilichoka, sikwenda. Iliyofuata nikaona haya kwa sababu ya ile ya kwanza. Ya tatu nikaona haya zaidi. Mwaka ukapita hivyo hivyo."

"Na juzi usiku ukampigia simu."

"Redio ilisema mvua ya barafu inakuja. Nikamwambia, mjomba, ingiza gari ndani, usije ukavunjika kiuno unabandua barafu kwenye kioo. Akasema sawa."

"Mwaka mzima kimya, halafu unapiga simu kuhusu gari."

"Nilikuwa natafuta cha kuanzia," Janelle alisema, na machozi yakamtoka bila kelele.

Verna alifunga faili. Aliwahi kuona watu wengi wakilia katika chumba kile kidogo cha polisi cha Thunder Bay, na wengine walilia vizuri sana, kwa hiyo machozi hayakuwa ushahidi wa upande wowote. Ushahidi uliokuwepo ulikuwa huu. Arvo Keskitalo, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha karatasi, alikutwa amekufa jikoni kwake jana asubuhi. Moshi wa gari ulimuua. Gari lilikuwa kwenye banda lililoshikana na jiko, mlango wa banda umefungwa, na tarishi aliyepita na barua ndiye aliyesikia harufu. Alipopiga simu polisi injini ilikuwa imeshazimika, ila bado ya moto. Ufunguo haukuwa kwenye gari. Ulikuwa mfukoni mwa marehemu pamoja na rimoti yake, na betri ya rimoti hiyo ilikuwa imekufa kabisa, haiwezi kuwasha hata kitaa cha rimoti yenyewe. King'ora cha gesi kilikuwa kwenye droo ya vijiko. Mzee alikitoa ukutani mwenyewe mwaka juzi kwa sababu kilimpigia kelele akiwa anasikiliza mpira wa magongo.

Mtu mwingine, basi, ndiye aliyeliwasha gari lile kwa mbali. Na rimoti nyingine iliyojulikana ilikutwa kwenye mkoba wa Janelle, jamaa pekee wa marehemu na mrithi wa nyumba.

Inspekta Crandall alikuwa akimngoja kwenye korido, koti mkononi.

"Simu, rimoti, nyumba," alisema. "Unataka nini tena, Verna? Upigiwe ngoma?"

"Rimoti haijajaribiwa, afande."

"Ijaribiwe nini? Ni rimoti. Unabonyeza, gari linawaka. Hata mama yangu anaweza."

"Hakuna aliyeibonyeza mbele ya gari lile."

Crandall alivaa koti mkono mmoja, akasimama hivyo. "Na kuna jambo jingine. Gari la namna ile likiwashwa kwa rimoti linajizima lenyewe baada ya dakika chache. Lisingetoa moshi wa kuua mtu kwa mara moja. Huyo binti alibonyeza, akabonyeza tena, akabonyeza tena. Alisimama pale kwenye barafu akihakikisha mjomba wake amekwisha. Mimi namshtaki leo jioni kwa kuua. Kama una la kuniambia, niambie kabla ya hapo."

*

Nello Fabris, fundi funguo, alifika Mtaa wa Tamarack na kigari chake kilichojaa funguo mbichi, zisizochongwa bado, zilizoning'inia hadi kwenye paa. Alitoka akiteleza, akashika mlango, akatukana kwa Kiitaliano cha nyanya yake.

"Sajini! Bado unaishi na kile kitasa ulichojitengenezea mwenyewe?"

"Nimeita fundi, Nello. Sikuita mchekeshaji."

"Kwa bei ile ile unapata wote wawili."

Mtaa ulikuwa kimya. Barafu ilikuwa imefunika kila kitu, matawi, nyaya, visanduku vya barua, na katika nyumba zote zile hapakuwa na mtu aliyetoka nje. Verna alikata utepe wa polisi, akafungua banda. Nusu ya banda ilijaa fanicha zilizofunikwa mashuka: kabati la nguo, cherehani, kiti cha kubembea, vitu vya marehemu mke ambavyo mzee hakuthubutu kuvitoa wala kuvitumia. Gari, la kijivu, la zamani lakini safi, lilibanwa katika nafasi iliyobaki. Mtu aliyeliingiza mle lazima alisogeza lile kabati mwenyewe. Mikwaruzo ilionekana sakafuni, mipya.

"Halikuwa likikaa humu," Verna alisema.

"Arvo? Gari lake siku zote liko nje, mbele ya dirisha la jikoni. Mji mzima unalijua."

Verna alimpa rimoti ya Janelle. Nello aliielekeza kwenye gari, akabonyeza. Kimya. Akasogea, akabonyeza tena.

"Betri," alisema bila wasiwasi. Aliingiza sarafu kwenye ufa wa rimoti, akaipasua mara moja kama anavyopasua karanga. Akatoa betri ya zamani, akasugua vile vibati vya ndani kwa kifutio cha penseli, akaweka mpya. "Baridi ya huku inazinyonya. Watu wanafikiri rimoti imeharibika, wananunua nyingine. Mimi siwaambii. Nina watoto wanaosoma."

Akabonyeza. Kitaa chekundu kwenye rimoti kikamulika. Gari halikujibu.

"Sasa inatuma," Verna alisema.

"Inatuma." Nello alibonyeza kufunga, akabonyeza kufungua, akabonyeza kuwasha. Aliiweka rimoti kwenye kioo kabisa, akabonyeza. "Basi betri ya gari imekufa."

Verna alitoa mfuko wa plastiki wenye rimoti ya marehemu. Maabara ilikwisha kumalizana nayo. "Iwekee betri na hii."

Nello aliiweka. Alipobonyeza mara ya kwanza, taa za gari ziliwaka na milango ikafunguka kwa mlio uliowashtua wote wawili.

"Ehe," Nello alisema polepole. Kwa mara ya kwanza tangu afike, hakuwa na mzaha. "Gari ni zima. Rimoti ya mzee ni nzima. Hii ya binti nayo ni nzima. Ila gari haiijui."

"Iliijua zamani. Alikuwa anaitumia kumpeleka mzee dukani."

"Iliijua. Sasa haiijui. Sikiliza, hizi gari za miaka ile zina roho mbaya. Rimoti huiongezi hivi hivi. Ukiiingiza mpya, gari inafuta zote za zamani, inaanza moja. Lazima uwe nazo zote humo ndani, unaifundisha hii, unaifundisha ile, milango inajifunga inajifungua kukuambia imeelewa. Iliyokuwa pale imekumbukwa. Isiyokuwepo, kwaheri."

"Na betri ya gari ikifa? Ikichomolewa?"

"Haisahau. Watu wanasema inasahau, ni maneno ya vijiweni."

"Kwa hiyo mzee alikaa humu na rimoti yake, akaleta mpya."

"Hakuna njia nyingine."

"Ulimfanyia wewe?"

"Mimi na Arvo hatukusemezana tangu mashindano ya kusukuma mawe kwenye barafu, na aliyekosea kipimo ni yeye. Huyu aliagiza mtandaoni, akajifanyia mwenyewe. Nyinyi Wafini hamlipi mtu kwa kazi mnayoweza kuiharibu wenyewe."

"Nakusikia."

"Kitasa chako ninacho kama ushahidi."

Verna alikuwa akihesabu kwa kidole juu ya boneti. Kama Janelle angekuwa na nia mbaya, angehakikisha kwanza rimoti yake imefundishwa tena. Iliyofutwa ni ya mtu ambaye mzee alikwisha kukata tamaa kwamba atarudi. Na iliyoingia mahali pake ni ya mtu aliyekuwepo.

"Inafika umbali gani, Nello?"

"Ng'ambo ya barabara, ukisimama dirishani. Kupita hapo unasumbua kidole tu."

Verna alifungua mlango wa abiria. Kiti kilisogezwa mbele mpaka mwisho, kwa mtu wa miguu mifupi, na juu yake kulikuwa na mto wa sufu uliofumwa kwa mkono. Kwenye kisanduku cha mlango kulikuwa na maganda ya peremende, mengi. Alifunga mlango, akaingia jikoni.

Mwili ulikuwa umeshachukuliwa, lakini picha alizikumbuka. Arvo alikutwa kwenye benchi karibu na mlango wa banda, ameegemea ukuta. Alikuwa amenyoa, amefunga tai. Alikuwa na kiatu cha theluji mguu mmoja na kingine mkononi. Crandall aliiandika hali hiyo kwa maneno mawili, *amevaa kutoka*, akaendelea na mambo mengine. Hakujiuliza mzee aliyeishi peke yake, ambaye hakuwa na miadi ya daktari wala kanisa siku ile, alikuwa amefunga tai ili atoke na nani.

Verna alisimama kwenye dirisha. Barafu ya kioo ilikuwa imeanza kuyeyuka na ng'ambo ya barabara iliweza kuonekana. Kulikuwa na nyumba ndogo ya njano. Dirishani alisimama mwanamke mzee akimtazama. Aliinua mkono nusu, kama anayetaka kupunga, kisha akaona si yule aliyemzoea katika dirisha lile, akaushusha.

"Pale anakaa nani?" Verna aliuliza.

Nello alichungulia juu ya bega lake. "Doreen Kuzyk. Mumewe nilimchongea funguo za stoo. Alikufa siku nyingi. Huyu mama hana mtu."

*

Bi Doreen alifungua mlango kabla hajagongewa. Alikuwa mdogo wa umbo, nywele zimetengenezwa, na shingoni amevaa skafu ya kutokea ingawa hakuwa na dalili ya kutoka.

"Vua viatu, mwanangu, sakafu nimepiga deki. Si kwamba kuna mtu wa kuichafua."

Jikoni kulikuwa na meza, viti viwili, na mkate wa iliki uliokatwa vipande viwili tu kisha ukaachwa ukakauka. Verna aliuangalia.

"Ni wa Arvo," Bi Doreen alisema. "Alikuwa anaoka Jumanne. Iliki anatia nyingi mno, nilimwambia kila wiki, na kila wiki anatia vile vile. Sijui niutupe au niuache. Ukae, nikupe kahawa."

"Polisi walikuja kwako jana?"

"Kijana mmoja, mpole. Aliniuliza kama nimeona mtu akija pale kwa Arvo. Nikamwambia sikuona. Na kweli sikuona, hakuna aliyekuja. Akashukuru akaenda. Hata kahawa hakunywa."

Verna alishika kikombe kwa mikono miwili. Konstebo aliuliza swali alilotumwa kuuliza, akajibiwa kwa haki, na jibu likaandikwa kwenye faili dhidi ya mtu asiye na hatia. Kosa halikuwa la konstebo wala la mama huyu, na kwa kweli Verna angefurahi kumpata mwenye kosa, yeyote, angalau mmoja.

"Bi Doreen, una rimoti ya gari la Arvo?"

"Ah! Hiyo ninayo." Uso wote ulichangamka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akaitoa. Ilikuwa mpya, imefungwa utepe mwekundu ili isipotee. "Alinipa majira ya majani kupukutika. Ungemwona! Alikaa ndani ya lile gari mchana kutwa anaifundisha, milango inajifunga, inajifungua, inajifunga, na yeye anatukana kwa Kifini. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa."

"Ya nini hasa?"

"Ya kumwita."

"Kumwita vipi?"

"Simu hasikii, labda awe amekaa karibu nayo. Mlango hasikii, nigonge mpaka mkono uvimbe. Na mimi barabara ya barafu naiogopa, nilishaanguka. Ndipo akasema, Doreen, wewe ukishakuwa tayari asubuhi, bonyeza. Gari linawaka, taa zake zinamulika dirishani kwangu, najua umeshavaa. Mimi navaa viatu. Nikitoka, gari limeshapata moto, nakuja kukushika mkono. Tunakwenda kula chapati za maji pale mtaa wa Bay, zile za Kifini nyembamba. Kila siku ya Mungu. Anakula nne halafu anasema hana njaa."

Alicheka. Verna hakuweza kucheka naye, akaangalia kahawa.

"Nieleze ya jana asubuhi."

"Jana?" Bi Doreen aliipanga skafu vizuri. "Jana nilikosea, nadhani. Juzi nilimwambia ile tai yake ni mbaya. Ya kahawia, ina samaki. Nilimtania tu, lakini wanaume wa umri ule wana moyo mwepesi. Basi jana nikavaa, nikabonyeza. Barafu ilikuwa imepaka dirisha lote, sikuona hata barabara, sembuse taa. Nikasubiri mlango ugongwe. Kimya. Nikasema labda haikushika, nikabonyeza tena. Nikasubiri. Nikabonyeza tena. Nilikaa hapo ulipokaa wewe, na koti, na mkoba magotini. Mwisho nikajua amenuna. Nikavua koti." Alifagia chembe za mkate kwa kiganja. "Mchana nikaona magari yenu. Watu wanasema ni moyo. Nimekuwa nikifikiri, labda alikuwa amelala kitandani anaumwa, na mimi huku nimemkasirikia."

Verna alikwisha kuwaambia watu wengi habari mbaya na alikuwa na namna yake ya kuzisema, fupi, bila kupamba. Safari hii namna ile ilimkatalia. Angeweza kunyamaza, akanywa kahawa, akaondoka. Lakini kituoni kulikuwa na mtu ambaye jioni ile angeitwa muuaji.

"Hakuwa kitandani," alisema. "Alikuwa amenyoa. Amevaa, amefunga tai. Alikuwa kwenye benchi anavaa viatu."

"Tai ipi?"

"Ya kahawia. Ina samaki."

Bi Doreen aliweka mkono mdomoni, na nyuma ya ule mkono Verna aliona kwamba anatabasamu.

"Kwa hiyo alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja, Bi Doreen."

"Mshenzi yule. Akavaa ile ile." Macho yalimlengalenga. Alikaa na furaha yake ile kidogo, na Verna alimwacha akae nayo, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Kisha uso wa mama ulianza kubadilika, polepole, kama mtu anayesikia maji yanamwagika chumba cha pili.

"Kama alikuwa amevaa, mbona hakutoka? Taa angeziona. Gari liko pale pale dirishani kwake, hata kwenye barafu angeona mwanga." Alimtazama Verna. "Gari lilikuwa wapi?"

"Bandani."

"Arvo haingizi gari bandani. Mle mna vitu vya Helmi, mkewe. Havigusi."

"Usiku wa kuamkia jana alivisogeza. Mpwa wake alimpigia simu, akamwambia aliingize gari kwa ajili ya mvua ya barafu."

"Likiwa limefungiwa," Bi Doreen alisema. "Na mimi nikabonyeza."

"Ndiyo."

"Nikabonyeza tena."

Bi Doreen aliiweka rimoti mezani, akaisukuma mbali kwa upande wa mkono, kisha akakisogeza na kiti chake mwenyewe nyuma, ili awe mbali nayo zaidi.

"Hukujua," Verna alisema. "Hapakuwa na namna ya kujua. Gari lile halijawahi kulala bandani."

"Yeye angeniambia. Asubuhi angeniambia, tukikutana." Alijifuta uso kwa skafu. "Na huyo mpwa? Alikuwa akimtaja. Janelle. Yuko wapi, ameshaambiwa?"

"Yuko kituoni. Jioni hii atashtakiwa kwa kumuua."

"Kwa kumuua Arvo? Yeye?"

"Alikuwa na rimoti ya zamani. Wanadhani ni yeye aliyebonyeza."

Bi Doreen alisimama. Ilimchukua mikono yote miwili juu ya meza kusimama, lakini alisimama.

"Lete koti langu. Liko nyuma ya mlango."

"Sikiliza kwanza. Si lazima useme chochote leo. Una haki ya kuwa na wakili, na sheria inanitaka nikwambie hivyo kabla hujatoka hapa. Naweza kukupigia mtu aje akae nawe."

"Mtu gani?" Bi Doreen aliuliza, na Verna akatambua kwamba anauliza kweli.

Alimletea koti.

*

Inspekta Crandall alisikiliza yote akiwa amesimama. Nello alikwisha kuandikisha maelezo yake: rimoti ya Janelle ilikuwa imefutwa kwenye gari tangu majira ya majani kupukutika na isingeweza kuwasha hata taa. Rimoti yenye utepe mwekundu ilijaribiwa Mtaa wa Tamarack kutoka dirisha la nyumba ya njano, mlango wa banda ukiwa wazi safari hii. Gari liliwaka mara moja.

"Kwa hiyo aliyekuwa anahakikisha mzee amekwisha..." Crandall alianza.

"Alikuwa anahakikisha mzee amesikia, afande."

Crandall alitazama kupitia kioo cha mlango. Bi Doreen alikaa kwenye benchi la korido, mkoba magotini, miguu haigusi chini vizuri. "Hakuna muuaji basi."

"Hakuna."

"Nitamwandikia nini mwendesha mashtaka?"

"Hivyo hivyo." Verna alishangaa jinsi alivyochoka. "Mwandikie walikuwa wawili, na kila mmoja alimtakia mema."

Crandall alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwenye haraka tu. Akatia saini ya kumwachia Janelle, akaenda zake.

Janelle alirudishiwa mkanda, simu na kamba za viatu. Verna alimweleza mambo yote palepale kaunta, kwa sababu haikufaa ayasome gazetini. Alimweleza juu ya rimoti iliyofutwa. Alimweleza juu ya utepe mwekundu. Janelle alizifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya.

"Aliniambia," alisema hatimaye. "Kwenye simu ile. Nilimuuliza, mjomba, unakula vizuri? Akasema kila asubuhi anatoka na bibi mmoja kwenda kula chapati. Nilidhani anajitungia. Nilidhani anasema hivyo ili nisijisikie vibaya."

"Yuko pale," Verna alisema.

Janelle alitembea korido nzima bila kuinua macho. Bi Doreen alimwona akija, akajaribu kusimama, ikashindikana.

"Niliyebonyeza ni mimi," alisema. "Nataka ulisikie kwangu mwenyewe."

"Aliyemwambia aliingize ni mimi."

Janelle alikaa kwenye lile benchi, si karibu sana, nafasi ya mtu mmoja ikabaki katikati yao. Verna alisimama kwenye kona akiwa na funguo za gari la polisi mkononi, tayari kuwarudisha majumbani kwao, mmoja mashariki ya mji na mwingine magharibi. Hakutaka kuwaharakisha.

"Mwaka mzima nilikuwa namfikiria," Janelle alisema. "Nalala nikimwona amekaa jikoni peke yake, anatazama dirisha. Nikashindwa kwenda kwa sababu hiyo hiyo." Alimgeukia mama yule. "Kumbe hakuwa peke yake."

"Hakuwa," Bi Doreen alisema. "Isipokuwa jana."